Mahogani ya Kongo kwenye yadi za Nairobi na Kampala: mbao nzuri, biashara ya kubahatisha

Mbao inayouzwa Gikomba jijini Nairobi na Ndeeba jijini Kampala kwa jina la mahogani ya Kongo ni mbao nzuri. Tuliseme hilo mapema, maana mengi yanayofuata ni malalamiko, na malalamiko yenyewe hayauhusu mti. Yanahusu unavyopasuliwa, unavyosafirishwa ukiwa mbichi, unavyopimwa na jina unalobandikwa ukifika yadini. Fundi anayejua kuyakagua hayo manne ataondoka na mbao ya kutengenezea mlango wa kukaa miaka hamsini. Asiyejua atauziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe amelowa.

Jina ndilo tatizo la kwanza. Chini ya neno mahogani zimo angalau mbao nne, zote za ukoo mmoja na mwarobaini: sapele, sipo, tiama na khaya, ambayo Tanzania huitwa mkangazi. Kwenye karatasi zinazotoka Kongo utakuta majina ya Kifaransa, kwa mfano sapelli, au acajou d'Afrique kwa khaya. Muuzaji mwingi wa rejareja hatofautishi, na wengine hawataki kutofautisha, kwa kuwa jina moja huuzwa kwa bei moja. Lakini kazini mbao hizi haziko sawa. Sapele kavu ina uzito wa karibu kilo 650 kwa mita moja ya ujazo, khaya ni kama 530. Sapele hushika skrubu vizuri na hustahimili mkwaruzo wa kila siku. Khaya ni laini zaidi, inarandika kirahisi, inafaa kabati na paneli, ila ngazi ya nyumba usiijenge nayo. Tiama hupindapinda wakati wa kukauka kuliko wenzake, na ndiyo inayofanya mafundi wengi waseme kwamba mahogani siku hizi imeharibika.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Omba ubao ukatwe kichwani kidogo, kisha unuse pale palipokatwa. Sapele hutoa harufu kama ya mwerezi. Khaya hainuki sana. Tazama uso wa ubao uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini cha gogo: sapele huonyesha mistari ya rangi nyepesi na nzito inayopokezana, na ukiugeuza ubao kwenye mwanga mistari hiyo hubadilishana. Sipo inafanana nayo ila mistari imefifia na harufu ni hafifu. Ukiona ubao mwekundu kote, mpaka kwenye pembe, na wekundu huo unatoka kwenye kidole ukipaka maji, hiyo ni rangi ya chupa. Kwangua kwa kisu milimita mbili chini uone mbao yenyewe. Mkaratusi uliopakwa rangi huuzwa kama mahogani, na kisu huumbua udanganyifu huo kwa sekunde chache.

Njia inakopita

Sehemu kubwa ya mbao hizi hutoka Ituri na Kivu Kaskazini, hasa upande wa Mambasa na Beni. Huvuka Kasindi na kuingia Uganda kupitia Mpondwe, au hupanda kaskazini kwa Mahagi na Aru, kisha hufika Kampala, na zinazokwenda Kenya huvukia Busia au Malaba. Ni njia ndefu yenye vizuizi vingi, na hali ya usalama huigusa bei moja kwa moja. Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na barabara ya Komanda hadi Beni imekuwa ikifungwa mara kwa mara kwa mashambulizi. Ongeza mvua: kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba, malori hukwama topeni. Ndiyo maana ukimwuliza muuzaji wa Gikomba bei ya mwezi ujao atakujibu kwa mafumbo. Haigizi.

Upande wa mahitaji, Kenya ndiyo inayovuta. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na zuio hilo lilidumu hadi Julai 2023 rais alipotangaza kuliondoa. Ni kweli kwamba zuio liligusa zaidi misonobari na mikaratusi ya mashamba ya miti ya serikali kuliko miti ya mbao ngumu. Lakini miaka hiyo mitano iliwazoesha wafanyabiashara wa Nairobi kuagiza nje: mbao laini kutoka Tanzania, mbao ngumu kutoka Kongo kwa mlango wa Uganda. Mazoea hayo hayajaondoka na tangazo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengi walidhani mbao zingeshuka bei papo hapo. Cheti cha uasilia, kinachothibitisha nchi mzigo unakotoka, kinaweza kupunguza ushuru wa forodha, lakini hakifuti hata karatasi moja ya msitu. Kibali cha kuvuna, hati ya kusafirisha, cheti cha afya ya mimea, vyote vinabaki. Na hapa ndipo biashara hii inapopata alama ya chini kabisa. Mbao nyingi hupasulwa porini kwa chensoo na wakataji wadogo wasio na kibali, na zikivuka mpaka hupewa karatasi zinazofanya zionekane zimezaliwa Uganda. Mnunuzi wa ubao mmoja hawezi kulimaliza hilo. Mnunuzi wa lori anaweza, na anapaswa, kwa sababu hasara ikitokea ni yake.

Kwa mnunuzi wa lori jambo kubwa ni CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti kwa vibali biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Katika mkutano wa Novemba 2022 huko Panama, khaya, mkongo pamoja na jamaa zake wa Afzelia, na mininga yote ya Afrika ziliwekwa kwenye Kiambatisho cha Pili, na utekelezaji ulianza tarehe 23 Februari 2023. Masharti yanahusu magogo, mbao zilizopasuliwa, veneer (mbao nyembamba kama karatasi), plaiwudi na mbao zilizochongwa kingo kama za dari na sakafu. Kitanda kilichokamilika hakimo. Sapele na sipo mkutano huo haukuzigusa. Kwa hiyo shehena iliyoandikwa tu "mahogani" ni mtego: ikiwa ndani yake mna khaya, inahitaji kibali cha CITES cha nchi ilikovunwa, na ikiwa imepitia Uganda kwenda Kenya, inahitaji cheti cha kusafirishwa tena kinachotaja nchi ya asili na namba ya kibali cha kwanza. Dai ankara iandike jina la kisayansi. Sapele ni Entandrophragma cylindricum na msimbo wake wa forodha ni 4407.27, mvule ni 4407.28. Muuzaji akikataa kuandika, umeshapata jibu lako.

Kwa Kenya, kibali cha kuingiza cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kichukuliwe kabla mzigo haujaondoka, si ukiwa tayari umesimama Busia. Kosa hili ni la kawaida mno, na gharama yake ni siku za lori kulala mpakani.

Kipimo, na jinsi unavyopunjwa

Mbao ngumu hapa huuzwa kwa futi ya urefu, kulingana na upana na unene. Hesabu rahisi ya kukumbuka: ubao wa inchi 2 kwa 6 wenye futi 12 ni futi moja ya ujazo kamili, na vilevile ubao wa inchi 1 kwa 12 wa futi 12. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3, yaani mbao 35 hivi za 2 kwa 6.

Sasa chukua futi ya chuma upime kweli. Mbao ya chensoo iliyopasulwa kwa mkono huwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na muuzaji hupima pale penye kitambi. Pima sehemu tatu: karibu na kila kichwa, na katikati. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kwa sababu ndicho utakachobaki nacho baada ya randa. Ubao unaoitwa 2 kwa 6 ukipima inchi 1¾ kwa 5¾ umepoteza asilimia 16 ya mbao uliyolipia. Katika mbao 100, hizo ni mbao 16 ambazo hazipo. Hili si jambo la kugombana. Ni la kufanyia hesabu na kushusha bei kwa kiwango hichohicho. Wauzaji wazoefu hukubali haraka wakiona unajua.

Mbao zilizopasulwa kwa msumeno wa mkanda ni ghali zaidi kwa futi, lakini kwa kazi ya fanicha mara nyingi ni nafuu. Unene ni mmoja, randa inaondoa milimita tatu badala ya kumi, na visu vya mashine havichakai kwa kukwangua migongo ya chensoo.

Unyevu: hapa ndipo pesa inapopotelea

Kama utasoma sehemu moja tu, isome hii. Karibu kila lawama dhidi ya mahogani ya Kongo, mlango unaogoma kufunga, meza inayopasuka katikati, droo inayokwama, ni lawama ya maji. Mti huangushwa, hupasuliwa wiki hiyohiyo, na ubao hufika yadini bado una unyevu wa asilimia 40 au 50. Ndani ya nyumba Nairobi mbao hutulia kwenye karibu asilimia 12. Mombasa, Dar es Salaam na Kampala karibu 14. Tofauti hiyo yote lazima itoke mahali fulani, na ikitoka baada ya fundi kuunganisha, mbao itajitoa yenyewe kwenye maungio.

Sapele iliyopasulwa ubapa, yaani bila kuelekea kwenye kiini cha gogo, hupungua upana kwa karibu asilimia 7 kutoka ubichi hadi ukavu kabisa. Kupungua huanza unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30. Chukua ubao wa inchi 8 wenye unyevu wa 30, utengeneze meza, ukauke hadi 12 sebuleni: utapungua karibu milimita 9. Meza ya mbao nne kama hizo itapungua zaidi ya sentimita tatu. Hakuna gundi inayozuia hilo. Ikiwa fundi amezikaza mbao kwa skrubu kwenye fremu, zitapasuka.

Yadini, pima uzito. Mizani ya bafuni inatosha: simama juu yake bila ubao, kisha na ubao, toa. Ubao kamili wa 2 kwa 6 wa futi 12 wa sapele kavu una kilo 18 au 19. Wa khaya 15. Ukisoma kilo 24 au zaidi, kinachozidi ni maji. Kwa mwenye lori hesabu inauma zaidi. Lori la tani 20 hubeba mbao 833 za kilo 24, lakini za kilo 18.4 lingebeba 1,087. Yaani kutoka Mpondwe hadi Nairobi umelipia mafuta ya kusafirisha tani nne na ushee za maji. Mpaka leo haieleweki kwa nini wafanyabiashara wakubwa hawakaushi mbao upande wa Kongo au Kasese kwanza, isipokuwa kwamba mtaji ukikaa chini ya turubai miezi sita haulipi riba ya mkopo.

Kipima unyevu chenye sindano ni msaada, lakini usikichome usoni. Uso hukauka kwa upepo wa barabarani huku ndani kukiwa kubichi. Kata kichwa cha ubao sentimita 30 kutoka mwisho, chomeka sindano pale palipokatwa upya, katikati ya unene. Kama huna kipima, kata kipande chembamba hapo hapo, kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, kitie kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 24 au hadi uzito usibadilike tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Gramu 210 zikishuka hadi 168, unyevu ni asilimia 25. Huo ubao bado si wa meza.

Wapo wanaouza mbao za "tanuri". Nyingine ni kweli, nyingine zimepitishwa tanuri kwa pupa zikakauka ganda tu. Kata kipande cha kichwani, kichonge kama uma wa meno mawili, ukiache kidogo. Meno yakibanana kuelekea ndani, mbao hiyo ina mkazo, na siku utakayoipasua kwa msumeno itajikunja mkononi na kubana blade. Irudishe.

Ukinunua mbichi kwa makusudi, na kwa bei nzuri ni uamuzi wa busara, panga mwenyewe. Inua rundo sentimita 30 hadi 45 kutoka chini kwa matofali ya saruji. Weka vibao vya kutenganisha vya inchi 1 kwa 1, vikavu, kila sentimita 50, na vyote vikae mstari mmoja wima kutoka chini hadi juu. Vikipishana, mbao zitakauka zikiwa na mawimbi. Paka vichwa rangi nzito au nta siku hiyohiyo, kwa sababu vichwa hukauka haraka kuliko katikati na kupasuka inchi nne tano. Juu weka uzito na bati linalotokeza pembeni. Jua lisiguse ubao hata kidogo. Kwa inchi moja tegemea miezi kadhaa, kwa inchi mbili mwaka mmoja si mwingi. Tia alama ya tarehe kwenye rundo.

Kwenye benchi

Nyuzi za sapele zimepishana: tabaka moja linalalia kulia, linalofuata kushoto. Ndiyo inayoleta ile mistari mizuri, na ndiyo inayofanya randa ing'oe vipande. Visu viwe vikali kweli, kila pito liondoe nusu milimita hadi milimita moja, na umalizie kwa kikwaruzo cha bamba la chuma kabla ya msasa wa 120, 180, kisha 240. Vinyweleo vyake viko wazi. Bila filla ya kuviziba, vanishi ya kung'aa itakuwa na vishimo.

Tazama sehemu nyeupe ya ukingo wa ubao, hasa kwa khaya. Hiyo wadudu wa unga huipenda sana. Tundu dogo kama ncha ya sindano lenye unga laini unaomwagika ukigonga ni wadudu walio hai, na watahamia kitandani na mbao. Kata weupe wote au usinunue. Kiini chekundu hawakitaki, lakini kiini cha khaya na sapele hakifai kuzikwa ardhini wala kusimama mvuani bila paa. Kwa nje tafuta mvule.

Mvule nao una visa vyake. Hudumu, haupindi sana, mchwa hawauli kirahisi, na hauhitaji CITES. Ila ndani huwa na amana ngumu ya chokaa, jiwe hasa, ambalo huvunja meno ya msumeno bila onyo, kwa hiyo pasua taratibu. Unga wake huwasha ngozi na kubana kifua, barakoa si ya hiari. Skrubu za chuma cha kawaida huacha madoa meusi ukipata unyevu. Tumia shaba au zilizopakwa zinki.

Mninga wa Tanzania, wa Tabora, Katavi au Ruvuma, bado ndio unaoongoza kwa utulivu. Hupungua kidogo kuliko zote zilizotajwa hapa, na kwa kitanda na mlango wa ndani hauna mshindani. Udhaifu wake leo ni makaratasi kuliko mbao: umo CITES kama khaya, na ndani ya Tanzania lazima utembee na hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, yenye namba ya gari, idadi, aina na tarehe. Mbao zigongwe nyundo ya TFS. Alama isipoonekana kichwani, usiupakie.

Msaji, au mtiki, ndio njia safi kwa anayetaka kulala usingizi. Unapandwa, hauko CITES, na TFS huuza wa Longuza, Muheza, na wa Mtibwa, Morogoro, kwa mnada. Lakini angalia umri. Mti mchanga una kiini chembamba na weupe mpana, na weupe wa msaji huliwa kama weupe wa mbao nyingine yoyote. Pima upana wa kiini kwenye kichwa cha ubao. Weupe ukizidi robo, lipa bei ya mbao ya kawaida. Kabla ya gundi pangusa maungio kwa thina, maana mafuta yake huikataa gundi, na unganisha ndani ya dakika chache kabla hayajapanda tena juu.